Siki ya Jirani na Malimau ya Rubwera

Msafiri atokaye Bukoba kwenda Rubwera huliacha Ziwa Viktoria mgongoni mwake na kuelekea magharibi. Gari hupita Kyaka, penye daraja la Mto Kagera ambalo majeshi ya Idi Amin yalilibomoa mwaka 1978, kisha hupanda polepole kuingia Karagwe. Hapo Omurushaka njia hugawanyika. Anayekwenda Kayanga hushika yake, nasi tuliokuwa tukienda Kyerwa tukashika yetu, mimi na mwanangu wa miaka kumi na miwili, tumebanana katika gari dogo pamoja na magunia mawili ya dagaa na kuku mmoja aliyefungwa miguu.

Kutoka hapo vilima havikatiki. Ukishuka kimoja unapanda kingine, na kila mteremko umejaa migomba. Kando ya migomba ipo mibuni, na chini yake maharage, hata shamba moja likamlisha mwenyewe na pia kumpatia fedha za ada ya shule. Mwanangu, aliyezaliwa na kulelewa Dar es Salaam, aliniuliza kama kuna siku watu wa huku hula kitu kisicho ndizi. Dereva alimsikia, akacheka, akamjibu kuwa ipo siku hiyo, lakini mtu hulala akiwa bado anasikia njaa.

Nilikuwa ninakwenda kumtazama dada yangu mkubwa, ambaye mumewe alihamishiwa huko kikazi. Hatukuwa tumeonana kwa miaka minne. Nilikwenda kwa ajili ya kuunga udugu, na Alhamdulillahi uliungika. Lakini nilirudi pia na chupa moja ya kachumbari, na kisa ambacho nimeona si vyema nikikalie peke yangu.

Mji na wageni wake wa kale

Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe mpaka mwaka 2012, ilipotengwa na kuwa wilaya yenye kujitegemea, na Rubwera ikawa makao yake makuu. Upande wa kaskazini iko Uganda, upande wa magharibi iko Rwanda, na Mto Kagera ndio mpaka. Mji wenyewe bado ni mchanga: ofisi mpya, maduka ya bidhaa mchanganyiko, bodaboda zinazosubiri abiria, na migomba inayoingia hadi ukutani mwa nyumba za wafanyakazi.

Lakini Uislamu si mgeni wa jana katika nchi hii. Zama za Mfalme Rumanyika, aliyekuwa na makao yake Bweranyange, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, katika njia ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Buganda. Waingereza wawili, Speke na Grant, walipofika kwa Rumanyika mwaka 1861, walikuta watu wa pwani wamekwishajulikana huko na biashara yao imekwishazoeleka. Kwa hiyo swala iliswaliwa katika vilima hivi kabla ya barabara na kabla ya mipaka tuijuayo leo. Pamoja na hayo Waislamu wa Kyerwa si wengi, na familia nyingi za Kiislamu huishi ua kwa ua na jirani wa dini nyingine. Hilo msomaji alikumbuke, maana ndilo lililozaa kisa changu.

Chupa iliyokuwa mezani

Usiku ule wa kwanza tuliandaliwa ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, zimelainika, zimetiwa kitunguu na samli. Ni chakula cha heshima na chenye kushibisha, ila ulimi uliozoea pwani hukitafutia kitu cha kuuamsha. Dada aliliona hilo usoni mwangu. Akainuka, akarudi na chupa ya kioo iliyojaa kabichi nyeupe iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, karoti, na vipande vidogo vya pilipili mbuzi, vyekundu na vya manjano.

“Weka kidogo tu kwanza,” akaniambia. “Usije ukanilaumu.”

Niliweka kidogo. Kwanza ulinijia uchachu, kisha harufu ya karafuu, na mwisho pilipili, ikapanda hadi puani. Mboga zenyewe hazikuwa zimelegea. Zililiwa kwa mlio. Ndizi zile zikawa chakula kingine kabisa. Niliongeza mara ya pili, na mara ya tatu sikuhesabu.

Nikamwuliza kama ni achari. Akasema hapana, ni kachumbari ya Wahaiti, na jina lake pikliz. Binti yake anaishi Boston, nchini Marekani, mji wenye Wahaiti wengi, na hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wenzake katika zamu ni akina mama wa Haiti. Wakati wa chakula cha mchana yeye hufungua wali wake, wao hufungua ndizi zao za kukaanga, na katikati huwekwa chupa hiyo. Binti akaulizia namna yake, akamfundisha mama yake kwa simu.

Watu wa ndizi na pilipili

Haiti ni nchi iliyo katika kisiwa kimojawapo cha Bahari ya Karibi. Wakati wa ukoloni iliitwa Saint-Domingue, nayo ilikuwa koloni la Ufaransa la miwa na kahawa, likilimwa kwa mikono ya Waafrika waliotekwa. Waafrika hao waliasi, wakayashinda majeshi ya Napoleon, na tarehe 1 Januari 1804 wakajitangazia uhuru.

Wengi wao walitolewa Afrika ya Magharibi na Kongo, na miongoni mwao walikuwemo Waislamu. Hata hivyo pwani yetu nayo imo katika habari hiyo. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka, na katika miaka ya mwisho ya karne ile meli za Kifaransa zilibeba mateka kutoka Afrika ya Mashariki hadi Saint-Domingue. Aliyeuza alikuwa Muislamu, na hilo tulikiri bila kulifunika, kwani historia hutufaa pale tunapokubali kuisoma yote.

Mpishi wa Haiti na mpishi wa Kyerwa hawajaonana, lakini wakikutana hawatahitaji mkalimani jikoni. Wote wawili wana ndizi, na wote wawili wana pilipili mbuzi. Pilipili asili yake ni Amerika, ikavuka bahari kuja kwetu. Ndizi ikapita Afrika kabla ya kufika kwao. Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, na leo sisi tunaiita ya Unguja na Pemba. Wahaiti hukata ndizi mzuzu, ambazo Kagera huitwa nkonjwa, wakazikaanga, wakazibonda zikawa bapa, wakazikaanga tena hadi zikauke, kisha wakazila pamoja na kachumbari hiyo. Wengi wao huila pia pamoja na nyama ya nguruwe, na hapo njia zetu zinaachana. Ila ndani ya chupa yenyewe hamna nyama wala mafuta. Kwetu huenda vizuri pamoja na samaki wa kukaanga, mishikaki, wali wa maharage, na hasa ndizi za kuchemsha.

Namna ya kuitengeneza

Siku ya pili tuliitengeneza pamoja, nami nikaandika kila kitu. Kwa chupa moja ya ukubwa wa lita moja na nusu hivi, chukua nusu ya kabichi ya kadiri, karoti mbili, pilipili hoho moja, kitunguu maji kimoja kikubwa, punje nne za kitunguu saumu, na pilipili mbuzi tatu hadi sita kwa kadiri ya ujasiri wa nyumba yako. Viungo vyake ni karafuu sita, kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga nzima, na vijiko viwili vya chai vya chumvi. Maji yake ni vikombe viwili vya siki pamoja na maji ya limau mbili, au ya danzi ukilipata. Wahaiti wenyewe hupenda danzi, lile chungwa chungu ambalo kwetu watu wengi wameacha kulipanda.

Osha mboga na uzikaushe kwa kitambaa safi, maana maji yakibaki hupunguza ukali wa siki. Kata kabichi nyembamba kadiri uwezavyo, karoti uipare, vitunguu na hoho ukate vipande virefu. Pilipili mbuzi zikate ndogo sana. Kabla ya kuzishika paka mikono mafuta ya kula au vaa mfuko wa nailoni, na usimshike mtoto mchanga wala usiguse macho mpaka umekwisha kunawa kwa sabuni zaidi ya mara moja. Dada yangu alilisahau hilo siku ya kwanza, akaswali Adhuhuri huku machozi yakimtiririka, na shemeji akadhani ni unyenyekevu.

Changanya mboga zote na chumvi, uziache robo saa. Chupa iwe ya kioo, iliyochemshwa na kukaushwa. Pakia mboga ukizishindilia kwa mwiko, ukitupia karafuu na pilipili manga kila tabaka. Mimina siki na maji ya limau mpaka mboga zizame zote. Hili ndilo sharti la kwanza: kinachobaki juu ya siki ndicho kinachoanza kuota ukungu. Sharti la pili ni kifuniko. Bati huliwa na siki likashika kutu, basi tumia kifuniko cha plastiki au utangulize karatasi ya nailoni. Iache siku tatu au nne ndipo uile. Ikiwa katika jokofu hukaa wiki kadhaa. Kila unapoteka tumia kijiko safi na kikavu, na ukiona ukungu au harufu iliyoharibika usiihurumie, imwage.

Mwenye vidonda vya tumbo aihadhari, na mwenye shinikizo la damu apunguze chumvi. Kwa watoto tengeneza chupa ya peke yake isiyo na pilipili mbuzi. Uchachu na karafuu vinawatosha.

Zawadi ya jirani

Tulipokwisha kukata mboga ndipo tulipogundua kuwa siki haitoshi. Ya dukani dada alikuwa ameimaliza katika chupa ya kwanza, na mwenye duka akasema mzigo utakuja wiki inayofuata. Mtoto wa dada alikuwa ametumwa duka hadi duka akiulizia siki, na katika mji mdogo haja ya nyumba moja hujulikana nyumba zote. Saa haikupita, tukasikia hodi.

Alikuwa ni jirani wa ua wa pili, bibi mtu mzima, Mnyambo wa hapo hapo, Mkristo. Mkononi ameshika chupa iliyozibwa kwa jani la mgomba. Alisema amesikia mwanawe anatafuta siki, naye anayo ya ndizi, kali, ya nyumbani, hataki kusikia habari ya malipo. Dada akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru. Bibi alipokwisha kwenda, tukabaki tunaitazama ile chupa juu ya meza.

Mwanangu akauliza lile tulilokuwa tukiliwaza. “Mama, siki ya ndizi si inatoka kwenye pombe?”

Ndivyo ilivyo. Katika mkoa huu ndizi mbivu za aina yake hukamuliwa kwa kukanyagwa au kusuguliwa pamoja na nyasi, maji yake yakachujwa, yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa yachache. Hiyo ndiyo lubisi, pombe ya ndizi, ambayo kwa wenyeji wasio Waislamu ni kinywaji cha harusi, cha mahari na cha msiba. Lubisi ikiachwa wazi siku nyingi, hewa na vijidudu vyake huigeuza ikawa siki. Ulevi huondoka, uchachu hubaki.

Dada akaketi. Akanieleza kwamba alipofanyiwa upasuaji, bibi huyu ndiye aliyemtekea maji majuma mawili na kumpikia uji, akiosha sufuria mara mbili kila siku kwa kuwa alisikia kuwa Waislamu wana masharti ya vyombo. Akanieleza na jambo jingine. Miaka iliyopita iliishi hapo familia nyingine ya Kiislamu. Bibi aliwapelekea chakula, nao kwa kuwa hawakuwa na yakini nacho wakakimwaga nyuma ya nyumba. Mjukuu wake akaona, akaenda kumwambia. Hakugombana nao, ila hakuwapelekea kitu tena mpaka walipohama.

“Siki hii nikiitia chakulani, nina shaka,” dada akasema. “Nikiimwaga, atajua. Na nikimdanganya kuwa nimeitumia, huo nao ni uongo.”

Tukaiweka chupa kabatini. Mboga zetu tukazifunika, tukangoja shemeji arudi.

Maswali mawili

Baada ya Magharibi shemeji alimwomba sheikh wa msikiti apite nyumbani. Ni mtu wa makamo, mpole, ambaye kazi yake ya mchana ni kununua na kuuza maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aione chupa, akainusa.

Alianza na sifa ya siki. Katika Sahih Muslim, akasema, imepokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillah (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliulizia kitoweo nyumbani kwake, akaambiwa hakuna isipokuwa siki, akaiitisha, akala, huku akiisifu kuwa ni kitoweo chema. Basi siki kwa asili yake si kitu cha kutiliwa shaka.

Kisha akaja kwenye siki iliyopitia katika ulevi. Humo humo katika Sahih Muslim, Anas bin Malik (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mvinyo kufanywa siki, akakataza. Na katika Sunan Abi Daud, Abu Talha (r.a.) aliuliza kuhusu mvinyo waliourithi mayatima, akaamrishwa aumwage. Wanazuoni wakafafanua. Pombe ikigeuka yenyewe kuwa siki, bila mtu kutia kitu ndani yake ili kuigeuza, siki hiyo imetoharika na ni halali. Ikigeuzwa kwa kutiwa kitu, Imamu Shafi na Imamu Ahmad wameikataa, Imamu Abu Hanifa ameiruhusu, na kwa Imamu Malik zimepokewa kauli zaidi ya moja.

“Sisi hapa wengi wetu ni Mashafi,” akasema. “Na lubisi hutiwa unga wa mtama tangu mwanzo, na hatujui katika kuchacha kwake kimeongezwa nini. Siwezi kukuambia kwa yakini kuwa ni haramu, wala siwezi kukuambia uwe na utulivu nayo. Mtume ametufundisha kuacha chenye kututia shaka tukaliendea kisichotutia shaka. Ipo siki ya dukani ambayo kwenye karatasi yake imeandikwa kuwa ni asidi ya asetiki na maji. Hiyo haikutokana na kinywaji cha kulevya. Na ikikosekana, Mwenyezi Mungu ameumba ndimu.”

Dada akamshukuru, akidhani yamekwisha. Sheikh hakuinuka.

“Hilo lilikuwa swali la kwanza. La pili hamkuliuliza.”

“Lipi, sheikh?”

“La jirani.”

Akamkumbusha aya ya 36 ya Suratun-Nisaa, ambamo Mwenyezi Mungu (s.w.) ametaja kumtendea wema jirani wa karibu na jirani wa mbali, na hakusema jirani wa dini gani. Akamkumbusha wasia wa Mtume (s.a.w.) kwa Abu Dharr (r.a.), kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake. Mama huyu, akasema, ametoa alichokuwa nacho kwa moyo mweupe. Kuacha kuitumia siki yake ni haki yenu; kumvunja moyo si haki ya mtu yeyote. Nendeni kwake wenyewe, msimtume mtoto, na mwambieni ukweli kabla hajausikia kwa mwingine.

Nyuma ya nyumba ya bibi

Asubuhi yake tulikwenda. Dada alibeba sahani ya vitumbua na kile kilichobaki katika chupa ya kwanza ya kachumbari, nami nikaibeba ile siki. Bibi alitukaribisha ndani na kutuwekea kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo huku mgeni hupewa kwa heshima tangu enzi za mababu. Mwanangu alitia moja mdomoni akakunja uso, na bibi akafurahi sana.

Dada alisema maneno yake moja kwa moja, kwa sauti ndogo. Kwamba amefurahi kwa zawadi. Kwamba dini yake imemkataza pombe, na kwa kuwa siki hii imetokana na pombe amemuuliza sheikh, naye amemshauri asiitumie. Kwamba hakutaka kuimwaga wala kumficha, kwa hiyo ameirudisha kwa mkono wake, na anamwomba asimwone kuwa ameidharau.

Bibi alinyamaza. Aliichukua chupa akaiweka miguuni mwake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Nilihesabu kimoyomoyo, nikafika kumi na tano.

“Nilijua kuwa ninyi hamnywi pombe,” akasema hatimaye. “Sikujua kuwa na siki mnaiuliza ilikotoka.” Akatikisa kichwa. “Wale wa mwanzo wangekuja wakaniambia hivi, ningewaelewa. Mimi nilidhani waliona mikono yangu ni michafu.”

Dada akashindwa kujibu. Bibi ndiye aliyemshika mkono.

Kisha akauliza kitu kilichotuduwaza. “Kwani mlichokuwa mkikitaka ni siki, au ni uchachu?”

Akainuka na kutuongoza nyuma ya nyumba. Hapo, kati ya migomba, umesimama mlimau mkubwa, na chini yake malimau ya manjano yametapakaa, mengine yamekwisha kuoza. Watoto wake, akasema, wote wako mijini. Kila mwaka mti huzaa na hakuna wa kuyala. Alipomwona mtoto wa dada akipita duka kwa duka alikumbuka siki kwa kuwa ndilo neno alilolisikia. Tungesema limau, angetuletea ndoo.

Ndoo tuliipata. Tulikaa wote barazani kwake, tukakamua malimau kumi na sita mpaka maji yake yakatosha kuzifunika mboga, na hatukuyachanganya na maji mengine. Kachumbari ya limau pekee ni nyororo zaidi kuliko ya siki, na huliwa tangu siku ya pili. Ila haistahimili muda mrefu: katika jokofu iliwe ndani ya wiki moja, na pasipo jokofu tengeneza ya siku mbili tu. Bibi naye alitaka chupa yake. Yeye akaijaza kwa siki yake mwenyewe, iliyokuwa ikimngoja miguuni, na hakuna aliyedhulumika. Akaonja yetu, akafumba macho, akasema ni kali kama ulimi wa wifi.

Mchana ule tulikula pamoja nkonjwa zilizokaangwa mara mbili na kubondwa kwa kitako cha kikombe, kama wanavyofanya Haiti. Mafuta yalikuwa mapya na sufuria ilitoka kwa dada, na bibi ndiye aliyeuliza habari hizo kabla yetu. Simu ikapigwa Boston. Binti wa dada alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku. Alipoambiwa kuwa pikliz yake imetengenezwa kwa malimau ya bibi jirani, alisema wale akina mama wa Haiti nao hutia limau, na kwamba angewasimulia.

Kurudi

Niliondoka Rubwera baada ya siku tisa. Mzigo wangu ulikuwa maharage kilo kumi, mkungu mmoja wa ndizi, na chupa moja ya kachumbari ya siki, ile ya dukani, ambayo mzigo wake ulikuwa umekwisha kufika. Kabla ya kufika Kyaka nilisikia harufu. Kifuniko kilikuwa cha bati na nilikuwa nimesahau kutanguliza nailoni. Abiria wa mbele akageuka akauliza nani ana achari, na ikabidi nimpe mahali pa kuonja. Ilipofika Dar es Salaam chupa ilikuwa imepungua robo.

Tangu hapo nimeitengeneza mara nyingi. Juma lililopita nilimkuta mwanangu amesimama jikoni na kibakuli, anateka. Nikamwuliza anakipeleka wapi, akasema kwa jirani wa ghorofa ya juu, ambaye sisi tumeishi naye miaka mitatu kwa salamu za ngazini tu.

“Umemuuliza kama anakula pilipili?” nikamwambia.

Akarudisha kibakuli mezani, akapanda ngazi kwenda kuuliza kwanza.